Nchi yetu iliingia mtandaoni kwa maandishi matupu

Vijana wanaojifunza Linux huulizana sana swali hili: kati ya Lynx, w3m, Links na ELinks, nichague kipi? Kwa wasiovijua, hivi ni vivinjari vya maandishi. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika jina la kivinjari na anwani ya tovuti, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na ukurasa unakuja ukiwa maneno matupu. Hakuna picha wala video, na hakuna tangazo linaloruka mbele ya macho yako. Kipanya hukihitaji. Unatembea kwa vitufe vya mishale, kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Majibu mengi ya swali hilo huishia kwenye ladha. Huyu anasema hiki kina rangi nzuri, yule anasema hiki kina vichupo. Sawa, ladha ni haki ya mtu. Lakini kazi ya uandishi wa habari imenipa tabia moja mbaya (au nzuri, sijui): nikiona kitu nataka kujua nani alikitengeneza, lini, na alikuwa na shida gani. Nilipofuatilia habari za vivinjari hivi nikakuta ni sehemu ya historia yetu wenyewe, tena sehemu ambayo hatuisimulii.

Hoja yangu ni hii, niitoe mapema ili tusizungushane. Afrika Mashariki haikuingia mtandaoni kwa picha. Iliingia kwa maandishi, na ilikuwa na sababu nzuri za kufanya hivyo. Sababu hizo kwa mkazi wa Masaki zimekwisha. Kwa mkazi wa kata ya Daudi, kule nyanda za juu za Mbulu, hazijaisha. Basi anayechagua kivinjari cha maandishi, kwanza ajiulize yuko upande gani wa waya.

Tuanzie nyuma kidogo.

Nchi iliyoogopa kompyuta

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuja kufanya mahesabu, na haikuleta sifa njema. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980, uchumi ulipoanza kufunguliwa.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wenzetu wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakiunganisha vyuo vyao kwa mitandao ya kudumu, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunarudisha mashine mezani. Zilikuwa chache, nyingi zikitumia mfumo wa DOS: skrini nyeusi na amri za kuandikwa. Simu zilikuwa chache zaidi, na kupiga simu ya kimataifa kulikuwa na gharama ya kumkosesha mtu usingizi.

Sasa shika hilo, tuvuke bahari kidogo tuone vivinjari vilivyozaliwa wakati huohuo.

Geneva na Kansas

Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Kivinjari chake cha kwanza kilikuwa na madirisha na kipanya, lakini kilikuwa na kasoro kubwa: kilifanya kazi kwenye kompyuta za aina ya NeXT tu, ambazo zilikuwa ghali na adimu. Wavuti ungebaki kuwa mali ya watu wachache. Aliyeutoa humo ni mwanafunzi aliyekuwa CERN kwa mafunzo, Nicola Pellow, msichana wa Kiingereza wa fani ya hisabati. Aliandika kivinjari cha maandishi ambacho kingeweza kukimbia karibu kwenye kompyuta yoyote ile. Kila kiungo kilikuwa na namba pembeni yake. Ukitaka kufuata kiungo cha tatu, unaandika 3. Kilitolewa mwaka 1991.

Angalia vizuri mpangilio huo. Cha picha kilitangulia kuandikwa, lakini cha maandishi ndicho kilichoupeleka Wavuti kwa watu. Unyenyekevu wake ndio uliokuwa nguvu yake.

Mwaka uliofuata, 1992, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac walianza kuandika Lynx. Lynx ni jina la paka wa porini wa nchi za baridi, na kwa Kiingereza linatamkwa sawasawa na neno la viungo. Wenyewe walikuwa na shida ya kawaida kabisa: chuo kilitaka kusambaza taarifa zake kwa wanafunzi na walimu, na wengi wao walikuwa wanakaa mbele ya vituo vya maandishi vilivyounganishwa na kompyuta kuu. Mwaka 1993 Lynx ikafundishwa kusoma kurasa za Wavuti, na leo ndicho kivinjari kikongwe kuliko vyote ambacho bado kinatunzwa na kutolewa matoleo mapya.

(Kichekesho kidogo. Lou Montulli huyohuyo alihamia kampuni ya Netscape, na mwaka 1994 akabuni vidakuzi, vile vijitaarifa ambavyo tovuti huvihifadhi kwenye kompyuta yako ili zikukumbuke. Lynx, mtoto wake wa kwanza, mpaka leo isipopangwa vinginevyo hukuuliza kabla ya kupokea kidakuzi: ndiyo au hapana?)

Wakati huohuo, huku kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huo wa 1992 Tanzania haikuwa na intaneti ya kudumu. Ilikuwa na kitu kingine, ambacho ukikielewa utaelewa kwa nini nimeandika makala haya.

Kulikuwa na mtandao uitwao FidoNet. Ulianzishwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984, na kanuni yake ilikuwa rahisi: kompyuta mbili hazihitaji kuunganishwa muda wote. Unaandika ujumbe wako mchana, unauweka foleni. Usiku, simu zinapokuwa nafuu, kompyuta yako inaipigia kompyuta ya mwenzako, zinapeana vifurushi vya ujumbe harakaharaka, zinakata. Ni kama mfuko wa barua wa basi la mikoani. Mpokeaji hahitaji kuwepo stendi basi linapoingia.

Kanuni hiyo ilitufaa kama kiatu kilichopimwa mguuni. Nairobi, kituo cha mazingira cha ELCI kiliendesha NGONET kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali, kikibadilishana ujumbe na GreenNet ya London. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliratibu mradi wa ESANET, kwa fedha za shirika la IDRC la Kanada, uliounganisha vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Kampala, Makerere ilikuwa na kituo chake kilichoitwa MUKLA, na mmoja wa walioshughulika nacho, Charles Musisi, ndiye aliyekuja kusimamia kikoa cha .ug.

Halafu kulikuwa na HealthNet, na hii ndiyo inayonisisimua zaidi. Daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown, alianzisha shirika la SatelLife kwa lengo moja: daktari wa nchi maskini apate maarifa yaleyale anayoyapata mwenzake wa Boston. Walitumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. UoSAT-3 ilirushwa Januari 1990, HealthSat-2 ikafuata mwaka 1993. Setilaiti hizo hazikuning'inia mahali pamoja angani. Zilizunguka dunia kwa chini kiasi, kila mzunguko ukichukua kama dakika 100, na zilipopita juu ya kituo zilipokea ujumbe na kushusha mwingine. Muhimbili palikuwa na kituo kama hicho. Kwa hiyo kulikuwa na watu Dar es Salaam waliosubiri setilaiti ipite ili wapate muhtasari wa majarida ya tiba, kama abiria anavyosubiri kivuko cha Kigamboni. Baadaye HealthNet ilihamia kwenye simu na FidoNet, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuendesha.

Kasi ya UoSAT-3 ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo huleti picha. Unaleta maneno, tena maneno yaliyochujwa.

Wavuti kwa barua pepe

Wavuti ulipoanza kutamba duniani, watu wa barua pepe walibaki nje ya mlango. Una anwani ya tovuti, huna muunganisho wa kuifungua. Ufanyeje?

Jibu lililopatikana lilikuwa la akili sana. Unaandika barua pepe kwa seva fulani, ndani yake unaweka anwani ya ukurasa unaoutaka. Seva ile, iliyokaa mahali penye waya mnene, inaufungua ukurasa kwa niaba yako, inaugeuza kuwa maandishi, na kukurudishia kwa barua pepe. Viungo vinakuja vimepewa namba. Ukitaka kuendelea, unajibu kwa namba. Unaona? Ni kivinjari kilekile cha Nicola Pellow, ila kati ya kubonyeza namba na kupata ukurasa unaweza kupita usiku mzima.

CERN ilikuwa na huduma ya aina hiyo iliyoitwa Agora. SatelLife ilitengeneza GetWeb, mahususi kwa madaktari na wahudumu wa afya wa nchi kama zetu. Na mwaka 1998, katika kituo cha fizikia cha ICTP kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Mpakistani Abdus Salam kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, ilitengenezwa www4mail. Mmoja wa watengenezaji wake alikuwa Mnaijeria, Clement Onime. Hawa hawakuwa wakitengeneza mchezo. Walijua mtafiti wa chuo cha Afrika anasoma nini na analipa nini kwa kila herufi.

Ndiyo maana husema kwamba kivinjari cha maandishi kwetu si kitu cha kuletwa. Tulikuwa nacho kabla ya kuwa na intaneti yenyewe. Kwa watu wengi wa kizazi kile, mara ya kwanza kuona ukurasa wa Wavuti ilikuwa kuuona ukiwa barua.

Picha zikafika

Kikoa cha .tz kiliandikishwa mwaka 1995, kikasimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 zikaja kampuni za kwanza za kuuza intaneti, CyberTwiga ikiwemo. Baada ya hapo unaijua hadithi: migahawa ya intaneti mijini, kulipia kwa nusu saa, foleni ya wanaosubiri kusoma barua pepe, na ukurasa unaoshuka kipande kipande kama pazia bovu, kichwa cha mchezaji kwanza, mabega baadaye, na muda umekwisha.

Hata katika kipindi hicho akili ya maandishi haikufa. Watu wa Aptivate, Cambridge, walikuwa na huduma ya Loband iliyopokea anwani yako na kukurudishia ukurasa uliovuliwa picha. Januari 2006 kivinjari cha simu cha Opera Mini kikatolewa kwa dunia nzima, na vijana wa Afrika Mashariki wakakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kinafanya nini? Kilekile: seva ya mbali inafungua ukurasa, inaubana, inakutumia kitu chepesi. Ni mjukuu wa www4mail aliyevaa suti.

Julai 2009 waya wa SEACOM ukawashwa, ukagusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo pwani yetu ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia. Bei zikashuka, kasi ikapanda, na tukasahau. Nadhani tulisahau haraka mno.

Hesabu ya dukani

Hebu tufanye hesabu. Ukurasa wa kawaida wa Wavuti wa siku hizi, ukijumlisha picha, hati za JavaScript, fonti na mapambo mengine, una uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Tuchukue 2.5. Maneno unayoyahitaji, pamoja na alama za HTML zinazoyapanga, mara nyingi ni makumi machache ya kilobaiti. Tuchukue 20.

Kwa kasi ya UoSAT-3, ukurasa mzima ungechukua kama dakika 35. Maneno peke yake, sekunde 17.

Utasema, ndugu yangu, hiyo ni setilaiti ya 1990. Sawa. Chukua simu iliyoshika mtandao dhaifu nyuma ya kilima, inayopata biti 64,000 kwa sekunde. Ukurasa mzima unachukua zaidi ya dakika tano, kama haujakatika njiani. Maneno yanachukua sekunde mbili na nusu.

Sasa ingiza bando. Kwa bando la megabaiti 100, mwenye kivinjari cha kawaida anafungua kurasa 40 za namna hiyo. Mwenye kivinjari cha maandishi anafungua 5,000. Ni kwa sababu kivinjari cha maandishi huchukua ile hati ya HTML tu na kuacha vingine vyote hukohuko vilipo.

Nyanda za Mbulu ni milima na mabonde, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mawimbi ya simu hayapindi kona kwa adabu. Mtu anaweza kuwa na mtandao mzuri kwenye kilele na asiwe na kitu akishuka mtoni. Kama umekulia Wilaya ya Mbulu au Hanang, unamjua mtu ambaye ana "mahali pake" pa kusimama ili simu ishike.

Na tusidhani mijini tumepona. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa saa kadhaa mwanasheria wa Posta na mkulima wa Daudi walikuwa sawa. Kurasa nzito zilikuwa za kwanza kugoma.

Ukurasa ambao nchi nzima hufungua siku moja

Nitoe mfano mmoja wa kwetu wa ukurasa uliotengenezwa vizuri. Ni matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA.

Umewahi kuutazama ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne kwa jicho la fundi? Kwa miaka mingi umekuwa jina la shule juu, muhtasari wa madaraja, kisha jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, masomo na alama zake. Basi. Watu wa mijini huucheka, wanasema umepitwa na wakati. Mimi nasema ni miongoni mwa kurasa zenye adabu kuliko zote nchini. Siku ya matokeo nchi nzima inaukimbilia kwa pamoja, na mtoto wa Daudi aliyesimama juu ya kilima na simu ya kuazima anaweza kuupata, kwa kuwa ni maneno na jedwali.

Mlinganishe na mifumo mingi ambayo mtoto huyohuyo atakutana nayo wiki chache baadaye: kuomba nafasi, kuomba mkopo, kuomba kazi. Mingi imejengwa juu ya JavaScript kiasi kwamba ukiifungua kwa kivinjari cha maandishi unapata ukurasa mtupu, au sentensi moja ya kukuagiza uwashe JavaScript. Hapo ndipo mtoto anapopanda gari kwenda mjini kumlipa mtu wa stashenari amjazie fomu. Nauli hiyo haionekani kwenye bajeti ya yeyote aliyejenga mfumo. Inatoka kwenye mfuko wa mzazi, na siku ya shamba inapotea pamoja nayo.

Na siyo umbali tu. Wasioona hutumia programu zinazosoma skrini kwa sauti, au vifaa vya nukta nundu. Ukurasa unaosomeka vizuri kwenye Lynx kwa kawaida husomeka vizuri kwao pia, na wengi wao wametumia Lynx kwa miaka.

Haya, uchague kipi?

Nilikuahidi jibu. Hili hapa, kwa kufuata historia ya kila kimoja.

Lynx ilizaliwa kusambaza taarifa za chuo. Ni ya kusoma makala, habari na nyaraka ndefu. Ni nyepesi, imekomaa, na inafanya kazi kwenye mashine ambazo wengine wangezitupa. Udhaifu wake ni majedwali: mepesi inayapanga, mapana yanavurugika. Amri ya lynx -dump ikifuatwa na anwani hukupa ukurasa mzima kama maandishi unayoweza kuyahifadhi. Mwandishi wa habari anayetunza ushahidi wa taarifa zinazofutwa-futwa aikariri amri hiyo.

w3m iliandikwa na Mjapani Akinori Ito mwaka 1995. Jina lake linatokana na maneno ya Kijapani ya kuutazama Wavuti. Inapanga majedwali vizuri, kwa hiyo matokeo ya NECTA yanakaa kwenye safu zake. Ikiwa ni Mjapani aliyeiandika, ilibidi ijali maandishi yenye herufi maelfu. Sisi hapo tuna bahati ambayo hatuishukuru: Kiswahili hakina herufi hata moja inayoisumbua mashine ya zamani. Hata Kiiraqw cha Mbulu, chenye sauti ambazo Kiswahili hakina, huandikwa kwa hh, tl, sl na mkwaju (/), vyote vimo kwenye kibodi ya kawaida.

Links ilianzishwa na Mcheki Mikuláš Patočka mwaka 1999. Ina menyu juu ya skrini, kwa hiyo mgeni hapotei, na inaweza kupakua faili nyuma huku wewe unaendelea kusoma. Toleo lake la pili linaweza hata kuonyesha picha ukilitaka. Kwa anayeanza, ningesema aanzie hapa.

ELinks ilichipuka kutoka Links mwaka 2001, mikononi mwa Mcheki mwingine, Petr Baudiš. Ina vichupo na mipangilio mingi sana. Iliwahi kudorora kwa miaka, kisha wengine wakaiendeleza. Ni ya mtu anayependa kufungua boneti.

Mwaka 2018 ikaja Browsh, ambayo huitumia Firefox kwa siri nyuma ya pazia na kuugeuza ukurasa wowote, hata wa JavaScript, kuwa herufi. Ukiiweka kwenye seva ya mbali na kuingia kutoka simu yako, seva ndiyo inayobeba mzigo, wewe unapokea maneno. Lakini kumbuka somo la Opera Mini na www4mail: anayekufungulia ukurasa anaona unachosoma. Lynx na w3m zinakwenda moja kwa moja kwenye tovuti, hakuna mtu wa kati.

Kompyuta si lazima. Simu ya Android ikiwekwa programu ya Termux inapata dirisha la amri, na humo unaweza kusakinisha Lynx au w3m. Simu ya kawaida ya mkononi inageuka kuwa kile kituo cha maandishi cha Kansas, ila hiki kinaingia mfukoni.

Sidanganyi kwamba vinatosha kwa kila kitu. Hutafanya miamala ya benki kwa Lynx, hutatazama mechi ya Simba na Yanga, na mitandao ya kijamii mingi itakufungia mlango. Kivinjari cha kawaida bado utakihitaji. Ila kwa kusoma, na kusoma ndiyo sababu iliyofanya Wavuti ubuniwe, vinatosha na kubaki.

Neno la mwisho ni kwa wenzangu wanaojenga tovuti Dar, Nairobi na Kampala, wengi wenu najua mnasoma hapa. Kabla ya kuzindua, fungueni kazi yenu kwa Lynx. Kama jina la ofisi, tangazo, tarehe ya mwisho na namba ya simu vinasomeka, mmefaulu, pambeni mnavyotaka. Kama skrini ni tupu, basi mmejenga nyumba nzuri isiyo na mlango upande wa Daudi. Watu wa HealthNet walipeleka maarifa ya tiba Muhimbili kwa biti 9,600 kwa sekunde. Sisi tuna nyaya baharini na minara milimani, tunashindwaje kupeleka fomu ya mkopo wa mwanafunzi?

Naomba kuwasilisha.